Yuko Wapi Tutu?

Kwa zaidi ya miaka 40 Wanigeria waliishi na picha ya Tutu bila kuwa na Tutu. Nakala zake zilitundikwa sebuleni, kwenye fremu za bei nafuu, katika nyumba za walimu, makarani na madaktari. Watoto walikua wakimtazama kila siku. Lakini turubai lenyewe, lile lililopakwa rangi kwa mkono wa Ben Enwonwu, umma haukujua liliko. Wala halikuwa moja. Enwonwu alimchora Tutu mara tatu kati ya 1973 na 1974, na picha zote tatu zikapotea machoni pa watu.

Picha nyingi hupotea zikasahauliwa. Hii ilipotea ikazidi kupendwa, na anayetaka kujua sababu hana budi kurudi nyuma, maana swali la nani amchore mwanamke wa Nigeria, na amchore kwa mtindo wa nani, lilikuwa limebishaniwa nchini humo kwa miaka karibu 70 kabla Tutu hajakaa mbele ya mchoraji.

Lagos, mwaka 1906. Aina Onabolu, kijana wa Kiyoruba kutoka Ijebu, anamchora kwa rangi za maji bibi mmoja wa tabaka la juu la mji ule, Bi Spencer Savage. Leo picha ile huhesabiwa miongoni mwa mwanzo wa uchoraji wa kisasa wa Nigeria. Siku zile ilikuwa karibu na ubishi wa hadharani. Wazungu wa serikali ya kikoloni waliamini kwamba Mwafrika hana kipaji cha kuchora sura ya mtu ikafanana naye, mwanga ukaangukia shavuni inavyopaswa na kivuli kikakaa mahali pake. Onabolu, aliyejifunza zaidi kwa juhudi zake mwenyewe, aliwajibu kwa kuchora. Mwaka 1920 akavuka bahari kwenda London kusoma sanaa rasmi, na aliporudi akafundisha katika shule za Lagos huku akiisumbua serikali ilete mwalimu mwingine wa somo hilo.

Serikali ikamleta mwaka 1927. Aliitwa Kenneth Murray, na hapo historia ikafanya kichekesho. Mwafrika alikuwa akidai kanuni za Ulaya zifundishwe zote, tena barabara. Mwingereza aliyeletwa kuzifundisha akawaambia wanafunzi waachane nazo. Murray aliwataka vijana watazame kilicho kwao: soko, shamba, ngoma, vinyago na kazi za wachongaji wa vijijini. Nia yake ilikuwa njema, na mchango wake katika kuhifadhi mambo ya kale ya Nigeria ni mkubwa sana. Hata hivyo kuna jambo linalokera katika hali ya mtu aliyekwisha kupata elimu yake yote kumwambia mwenzake kwamba elimu hiyo haimfai.

Kati ya wanafunzi wa Murray alikuwamo kijana wa Kiigbo, Ben Enwonwu, aliyezaliwa Onitsha tarehe 14 Julai 1917. Baba yake alikuwa mchongaji wa sanamu za jadi, kwa hiyo Enwonwu hakuhitaji Mzungu wa kumwonyesha kinyago. Alikulia kwenye vumbi la mbao. Mwaka 1937 kazi za wanafunzi wa Murray, zake zikiwamo, zilionyeshwa London katika ukumbi wa Zwemmer. Mwaka 1944 akaenda Uingereza kwa ufadhili wa masomo. Akapita Goldsmiths, akapita Oxford, akamalizia Slade, chuo ambacho miaka michache baadaye kilimpokea pia Sam Ntiro, Mchaga kutoka Tanganyika. Enwonwu aliyapata basi yote mawili waliyobishania walimu wake: mkono wa Onitsha na darasa la London. Maisha yake yote wahakiki walimdai achague moja. Alikataa, na mara nyingi alikataa kwa hasira, akisema hadharani kwamba hatakubali kupangiwa nafasi ya chini katika sanaa ya dunia kwa sababu tu ni Mwafrika.

Kisa kinachoonyesha vizuri ugomvi huo ni cha Malkia Elizabeth. Malkia alizuru Nigeria mwaka 1956, na Enwonwu akapewa kazi ya kumtengenezea sanamu ya shaba. Malkia akakaa mbele yake mara kadhaa ili amtazame. Sanamu ilipozinduliwa London mwaka 1957, watu waliiangalia midomo wakaanza kunong'ona: huyu bwana amempa Malkia sura ya Kiafrika. Ajabu ni kwamba msanii wa Ulaya aliyekopa sura ya kinyago cha Afrika akaitia katika picha zake alisifiwa kwa ubunifu. Enwonwu alipoufanya mkono wake usikike katika uso wa Malkia, aliulizwa kama anajua kufananisha.

Miaka kumi baadaye hayo yote yalionekana madogo. Mwaka 1966 Waigbo waliuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria. Tarehe 30 Mei 1967 upande wa mashariki ukajitangaza kuwa nchi ya Biafra, na vita vilivyofuata vilidumu hadi Januari 1970. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakisiwa kuzidi milioni 1. Jenerali Gowon, kiongozi wa Nigeria wakati huo, alitangaza kwamba vita havikuwa na mshindi wala mshindwa. Maneno yalikuwa mazuri, lakini mtu aliyerudi akakuta nyumba yake ina mwenyeji mwingine na akiba yake ya benki imegeuzwa kuwa pauni 20 alijua vizuri nani ameshindwa.

Katika hali hiyo, mwaka 1971, Enwonwu Mwigbo alihamia katikati ya nchi ya Wayoruba kuwa profesa wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Ife.

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu Ile-Ife ni mji wa namna yake. Wayoruba husimulia kwamba dunia iliumbwa pale, na mfalme wake, Ooni, anaheshimiwa na Wayoruba wote. Chini ya ardhi yake pamelala sura za watu. Mjerumani Leo Frobenius alifika mwaka 1910, akaona vichwa vya udongo na kimoja cha shaba, akashangaa mno hata akakosa adabu: alisema kazi nzuri namna ile lazima iwe masalia ya Atlantis, kisiwa cha hadithi za Wagiriki. Alikuwa tayari kuamini kisiwa kilichozama baharini kuliko kuamini kwamba babu za wenyeji waliomkaribisha walijua kuyeyusha shaba.

Mwaka 1938 ardhi yenyewe ilimjibu. Watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba katika kiwanja cha Wunmonije, karibu na kasri la Ooni, walikutana na vichwa vya shaba, na vingine vikafuata. Ni sura za watu wazima, tulivu, midomo imefumbwa, macho yana uzito, na nyingi zina michirizi myembamba inayoteremka kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Wataalamu wanavipa umri wa kati ya karne ya 12 na ya 15. Viwili vilinunuliwa na mwanaanthropolojia wa Marekani, William Bascom, naye akavirudisha mwaka 1950. Kingine kikaenda Makumbusho ya Uingereza, nacho hakijarudi. Mwaka 1957, ule ule ambao Elizabeth wa shaba alizinduliwa London, mtaa wa Ita Yemoo mjini Ife ulitoa vinyago vingine vya shaba, na kati yake mfalme na mwanamke wamesimama pamoja wakiwa wamefungamana.

Hivyo ubishi wa Lagos wa mwaka 1906, kwamba Mwafrika hawezi kufananisha sura, ulikuwa umeshajibiwa miaka mia kadhaa kabla haujaulizwa. Enwonwu alifundisha katika mji uliokuwa na jibu hilo makumbushoni.

Ilikuwa mwaka 1973, akitembea nje ya mji, alipomwona msichana akipita. Shingo ndefu, mwendo wa mtu asiye na haraka. Aliulizia, akaambiwa ni Adetutu Ademiluyi, mjukuu wa Ooni Ademiluyi aliyetawala Ife kuanzia 1910 hadi 1930. Frobenius alipofika kuokota vichwa na kuvitafutia wazazi Ugiriki, utawala wa babu yake huyu binti ndio ulikuwa unaanza.

Enwonwu alikwenda nyumbani kwao kuomba ruhusa kwa wazazi. Wakati huo alikuwa na miaka 56, mtu mashuhuri ambaye sanamu yake ya Anyanwu ilikuwa imesimama mbele ya makumbusho ya Lagos na nakala yake ikiwa Umoja wa Mataifa, New York. Lakini binti wa ukoo wa kifalme hachorwi kwa sababu tu profesa amempenda shingo. Mlango ulibishwa kwa utaratibu, ruhusa ikatoka.

Picha aliyoichora ni ya rangi za mafuta, turubai lenye urefu wa karibu mita moja. Tutu ametupa mgongo nusu, kisha kichwa kimegeuka. Amefunga kilemba. Nyuma yake hakuna kiti, hakuna mlango, hakuna shamba. Kuna rangi tu, imepakwa kwa haraka, kama vile mchoraji hakutaka kitu chochote kiombe macho yetu. Mwanga umekaa usoni na kushuka shingoni, na shingo imenyooshwa kidogo kuliko shingo za watu tunaokutana nao. Macho hayakukaribishi. Hayakufukuzi pia. Anatazama kwa pembeni, kama mtu aliyeitwa jina akiwa njiani na bado hajaamua kama atasimama.

Ukiwa umewahi kuona vichwa vya Wunmonije, huwezi kutazama midomo ile iliyofumbwa na utulivu ule bila kuvikumbuka. Nadhani Enwonwu alivikumbuka pia. Miaka ya 1960 mwanazuoni wa Marekani Robert Farris Thompson alizunguka vijiji vya Wayoruba akiwauliza wenyeji nini kinafanya sanamu iwe nzuri. Walimwambia, kati ya mengine, kwamba ifanane na mtu kwa kiasi: isifanane mno ikawa mtu yule yule, isipotoke mno ikawa si mtu. Tena imwonyeshe akiwa katika ubora wa umri wake. Mtu akisimama mbele ya Tutu na kanuni hizo mkononi, ataona zimefuatwa karibu neno kwa neno, ingawa rangi ni ya mafuta na mchoraji ni Mwigbo aliyesoma Slade.

Si Enwonwu peke yake aliyekuwa akitafuta njia ya kumchora mwanamke wa Kiyoruba. Pale Lagos, Yusuf Grillo, Myoruba wa mjini mwenyewe na mkuu wa idara ya sanaa katika chuo cha ufundi cha Yaba kwa miaka mingi, alikuwa akiwachora bibi harusi na mama wa mapacha kwa buluu ya kina, buluu ya nguo za nili za Wayoruba, wakiwa warefu, wamekatwa kwa mistari na pembe za hesabu, vilemba vyao vikiwa kama majengo. Kwa ufundi wa kupanga umbo, Grillo simwoni nyuma ya Enwonwu hata kidogo. Lakini wanawake wake ni wanawake wote kwa pamoja. Bibi harusi wa Grillo anaweza kuwa bibi harusi yeyote. Tutu ana jina, ana ukoo, na mtu wa Ife aliweza kukuonyesha kwao.

Nakala zikachapwa, na zikatoka wakati mwafaka. Mwisho wa 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda mara nne, Nigeria ikatajirika ghafla. Tume ya Udoji ikapandisha mishahara ya watumishi wa serikali, na watu wakaingia madukani kununua redio, majokofu, feni na makochi. Kuta mpya zilihitaji kitu cha kutundika. Kwa nini watu wamchague msichana huyu na si mandhari ya Uswisi kwenye kalenda, ni jambo ambalo hakuna takwimu inayoweza kulieleza. Wengi waliokuja kuandika juu yake baadaye waliona ndani yake ishara ya maridhiano: Mwigbo, miaka mitatu baada ya vita, amemchora binti wa kifalme wa Kiyoruba kwa heshima, na picha ikaingia nyumba za makabila yote. Sina shaka kwamba baadhi waliisoma hivyo hata wakati ule. Lakini nadhani wengine walinunua kwa sababu nyepesi zaidi: msichana ni mzuri, ametulia, na nchi ilikuwa imechoka na picha za wafu.

Wakati nakala zikienea, turubai zikawa zinatoweka moja baada ya nyingine. Mojawapo, ya mwaka 1974, ilionyeshwa katika ubalozi wa Italia mjini Lagos mwaka 1975, na baada ya hapo haikuonekana tena hadharani. Ile ya kwanza, ya 1973, Enwonwu aliipenda mno akaiweka kwake. Iliibwa mwaka 1994, mwaka uleule ambao yeye mwenyewe alifariki, tarehe 5 Februari. Alikufa akiwa na miaka 76.

Kutoka hapo Tutu akawa hadithi. Waliokuwa na nakala iliyopauka kwa jua waliulizana aliko, na familia ya Enwonwu, kupitia wakfu wake, iliendelea kutafuta.

Mwishoni mwa 2017 Giles Peppiatt, mtaalamu wa sanaa ya Afrika wa nyumba ya mnada ya Bonhams, aliitwa na familia moja kaskazini mwa London akaangalie picha waliyokuwa nayo. Wataalamu kama yeye wanakaribishwa hivyo mara nyingi, na mara nyingi kinachowasubiri ukutani ni nakala ile ile ya miaka ya sabini. Aliingia kwenye fleti ya kawaida akaikuta Tutu halisi, ile iliyopotea tangu ubalozini. Wenye nyumba hawakujua wana nini. Waliomba majina yao yasitajwe, na hayakutajwa.

Bonhams wakaikadiria kuwa ya kati ya pauni 200,000 na 300,000. Jioni ya tarehe 28 Februari 2018 mnada ulifanyika London huku ukirushwa moja kwa moja hadi Lagos, ambako watu walikusanyika kupandisha bei kutoka huko. Ilipoangushwa nyundo na kujumlishwa ada, Tutu alikuwa amefika pauni 1,205,000. Kazi ya Enwonwu haikuwahi kufika hapo.

Magazeti ya Ulaya yakahitaji jina la kuwasaidia wasomaji wao, na lilikuwa tayari. Mwandishi Ben Okri alikuwa amemwita Mona Lisa wa Afrika, jina likashika. Okri ana haki ya kusema hivyo kwa upendo, maana amekua katika nchi iliyomtafuta Tutu. Mimi jina hilo silipendi; linamfanya binti wa Ife aingie kwa mlango wa nyuma kwenye nyumba ambayo babu zake hawakuhitaji kubisha hodi. Hata hivyo lina ukweli mmoja ambao waliolitumia hawakuutaja sana. Mona Lisa naye aliibwa, kutoka Louvre, mwaka 1911, na ni wizi ule, pamoja na miaka miwili ya kumtafuta, uliomfanya ajulikane na watu wasiowahi kuingia jumba la makumbusho maishani.

Baada ya mnada ule watu walianza kukagua kuta na kabati zao. Familia moja iliyoko Texas ilikuwa na picha ya mama yao, Christine Davis, msusi wa nywele, Mmarekani mwenye asili ya visiwa vya Karibi, aliyechorwa Lagos mwaka 1971. Mtu mmoja wa familia aliandika sahihi ya mchoraji kwenye Google, akasoma alichosoma. Oktoba 2019 Sotheby's waliiuza London kwa pauni 1,095,000, baada ya kuikadiria kuwa ya kati ya 100,000 na 150,000.

Christine ni picha nzuri kwelikweli, na kwa baadhi ya watu ni bora kuliko Tutu kwa jinsi nguo na mkao vilivyochorwa. Lakini hakuna nakala yake iliyopaukia kwenye sebule ya Ibadan, na kabla ya 2019 hakuna aliyekuwa akimtafuta. Soko liliwapa wanawake hao wawili thamani inayokaribiana, kwa sababu soko linapima mkono wa Enwonwu, halina kipimo cha jinsi mtu alivyokuwa akiuliziwa.

Tutu wengine wawili bado hawajaonekana. Yule wa 1973 ni mali ya wizi, na familia ya mchoraji haijaacha kumdai. Atakayemtoa kabatini atakuwa na maswali ya kujibu kabla hajaanza kutaja bei.